Mulongo ulifika ku barabara, kumbe hata nusu yetu hatukuchagua?

binti_wa_njanja (Lubumbashi)

Ba yaya, ba papa na ba mama, jambo yenu. Niko na swali moya yenye inanisumbua toka jumapili, na naomba mutu asikuye hapa na mambo ya kandida gani ni muzuri kandida gani ni mwizi, tutakosana bure. Mi nauliza juu ya siku yenyewe ya kuchagua.

Iko hivi. Niko na kuze wangu eko Marekani, amepata uraia kule. Jumapili tulikuwa tunaongea ku WhatsApp akaniambia kule beko na uchaguzi ya mbele ya uchaguzi, wanaita primere, na yeye 2024 alienda, akaingia, akatoka, dakika kumi. Nikamuuliza mulongo ulikuwa murefu kiasi gani? Akacheka paka kucheka. Asema mulongo gani, mule ndani nilikuwa mi na ba bibi batatu ba kizungu, mumoja anafuma sweta.

Mi nikakumbuka 20 desemba 2023, siku yetu ya kuchagua hapa Kongo. Niko mutu wa komini ya Kenya (Kenya yetu ya hapa Lubumbashi, haina ile ya Nairobi, mutu asiulize). Nilitoka nyumba saa kumi na moja ya asubuhi, giza, mvula ya usiku imeacha matope kila mahali, mama amenibebesha chupa ya maji na mikate mbili. Nafika ku masomo kwenye jina yangu iko, mulongo ushatoka mu kiwanja, umepita ku mulango, umeenda mpaka ku barabara pale bamama banauzishaka makala. Saa kumi na mbili ikafika, hapana kufungua. Saa mbili, hapana. Saa ine mutu mumoja akatoka akasema bintu biko mu njia. Bya wapi? Njia gani? Akarudi ndani. Saa sita jua ikawaka sasa kisawasawa, mama mumoja wa mimba akaanguka, tukamukalisha ku kivuli tunamupepea na kitenge, lakini alikataa kurudi nyumba, asema nikitoka mutabeba nafasi yangu. Biro ikafunguka saa saba na nusu. Mi nilichagua saa kumi na mbili na dakika kumi ya jioni. Nilitoka na giza, nikarudi na giza, kidole na wino, tumbo wazi.

Sasa swali. Kiisha ile banasoma rezilta, banasema benye walichagua mu inchi nzima beko paka kama 43 juu ya 100. Namna gani? Mi na macho yangu niliona batu sawa vile nzige. Kama ile wingi yote haifike hata nusu, basi nusu ingine ingekuya tungemaliza lini, Noeli? Ao kuna mutu anahesabu mubaya? Mwenye anajua anieleze pole pole, mi nauzishaka uniti, sina mwalimu wa hesabu.

---

temwe_wa_biro (Lubumbashi)

Dada yangu, mi nilikuwa ndani ya biro ile siku, temwe (mutu wa kumuangalilia kura) wa kandida mumoja. Simutaji. Falanga yangu ya siku alinipa nusu, nusu ingine iko mu njia mpaka leo, sawa vile bintu bya biro yako.

Hakuna mwenye alihesabu mubaya. Ngoja nikufanyie hesabu yenye tulikuwa tunafanya siye ba temwe pale ndani tukisikia njala. Ku lisiti ya inchi nzima mulikuwa batu karibu milioni 44. Biro za kuchagulia zilikuwa karibu 75.000. Gawanya, unapata kama batu 585 mu kila biro. Mashini ya kuchagulia kwetu ilikuwa moya. Toka saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka saa kumi na moja ya jioni ni masaa 11, dakika 660. Basi kama kila mutu wa ku lisiti angekuya, na biro imefunguka ku saa yake, kila mutu angekuwa na dakika moya na kidogo. Moya!

Sasa angalia mu ile dakika mutu anafanya nini. Anatoa karte. Wanamutafuta ku lisiti, na lisiti yetu majina inafanana, Ilunga beko kumi na ngapi sijui. Anapewa karatasi. Anaenda ku mashini, anaingiza karatasi, anafinya prezida, anafinya depite wa taifa, anafinya depite wa provensi, na hapa mu muji anafinya tena konseye wa komini, chaguzi ine kwa siku moya. Ba kandida ba depite wa taifa mu inchi yote walipita 25.000, viti ni 500, basi hapa kwetu sura zilikuwa nyingi mpaka unapindua ukurasa unapindua, ba papa wote wamevaa koti moya na kravati nyekundu. Nkambo mumoja alikuya na kakaratasi kameandikwa numero ya mutu wake, akafika akakuta miwani aliacha nyumba. Dakika nane. Hatukuweza kumusaidia sisi ba temwe, ilibidi aite mutu wake mwenyewe mwenye anamuamini, mutu mwenyewe alikuwa ku mulongo wa biro ingine, tukamungojea. Kiisha karatasi inatoka, anakunja, anatupa mu sanduku, anachovya kidole.

Njo pale mulongo unatoka. Haukuonyesha wingi ya batu, ulionyesha namna tulikuwa tunaenda pole. Na mukichelewa kufungua masaa saba, ile saa yote batu banajikusanya paka kujikusanya. Usiku tulipohesabu karatasi, kwetu hatukufika nusu ya lisiti, na ku inje mulongo ulikuwa unaenda mpaka jioni. Mi mwenyewe nilishangaa.

Ulichagua saa kumi na mbili na dakika kumi juu sheria iko hivi, mwenye saa kumi na moja inamukuta mu mulongo anachagua. Biro zenye hazikufunguka kabisa wakapewa siku ya 21, na kuko mahali waliendelea hata nyuma ya pale.

---

sijute (Lubumbashi)

Mi njo ile nusu ingine yenye munatafuta. Nililala mpaka saa tatu, nikakula, nikaangalia filme. Sijute.

Juu ya nini? Juu mi nilijiandikisha kwa sababu ya karte, haina kwa sababu ya kura. Mu inchi yetu karte ya kuchagua njo karte ya kitambulisho. Polisi anakusimamisha usiku, karte. Unaenda ku banki, karte. Unataka kuwasha sim, karte (binti wa uniti unajua hii kuliko mi). Basi mutu wa miaka 18 anapanga mulongo siku mbili kwa kujiandikisha, kiisha siku ya kuchagua yenyewe anasema mi nilishapata yenye nilikuwa natafuta. Usiweke milioni 44 sawa vile wote walikuwa banangojea kuchagua. Wengine tulikuwa banangojea kutembea bila kusumbuliwa.

---

muzee_wa_katuba (Lubumbashi)

Mwanangu wa Njanja, pole na ile siku. Mi nilichagua toka 2006 sijaruka hata mara moya, na niko na kaye moya ya zamani kwenye naandikaka bintu, bei ya unga, siku mvula ya kwanza inanyesha, na uchaguzi. Nimeifungua leo juu yako.

2006, tarehe 30 mwezi wa saba, duru ya kwanza. Ku lisiti batu kama milioni 25. Benye walichagua, 70 juu ya 100 na kidogo. 2011, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja, ku lisiti milioni 32, walichagua karibu 59 juu ya 100. 2018, tarehe 30 desemba, mwanzo wa hizi mashini, karibu 48 juu ya 100. Na 2023 njo ile yenye ulisema, 43.

Ukisoma vile unaona paka kushuka, sawa mutu anashuka ku ngazi. Batu ba ku redio wanasema batu wamechoka, batu wamekata tamaa. Mi nami nilikuwa nasema vile. Siku moya nikabeba kalkulatere ya mujukuu nikapiga: 70 ya milioni 25. 59 ya milioni 32. Na ile ya 2018, na ile ya 2023. Unajua inatoa nini? Inatoa karibu milioni 18, milioni 18 na kitu, kila mara. Kila mara! Sawa vile ni batu bale bale wanatoka nyumba, wanasimama, wanarudi. Wamoja wanakufa bengine wanaingia lakini hesabu haisogei. Yenye inaongezeka ni lisiti.

Basi sijute, mwanangu, sikutukani, umesema kitu ya kweli hata kama mi singelala. Batoto wetu wengi wameingia ku lisiti juu ya karte. Na kuko tena batu benye walishakufa bado wako ku lisiti, kuko na mwenye alijiandikisha Likasi sasa eko anatumika Kolwezi, hawezi kulipa ticketi ya gari aende kuchagua depite. Ile yote ni mutu ku lisiti, haina mutu ku mulongo.

2006 ilikuwa tofauti, sitadanganya. Batu walivaa sawa vile siku ya Pasaka. Bibi yangu alipiga pasi kitenge ya muzuri kabisa, ile ya harusi ya shemeji yake. Hatukuwa na mashini, karatasi kubwa na ba kandida ba prezida 33, foto 33, unaweka alama na stilo, kunja, tupa. Ba nkambo walikuwa wanalia. Walikuwa hawajawahi chagua kitu toka wakiwa bijana. Mulongo ulikuwa murefu kuliko wako na mutu hakuona ni kitu, tulikuwa tunaimba. 2023 mutu haimbe, mutu anaangalia telefone kama bateri imebakia.

---

mulushwa_dallas (Texas)

Salamu kwa wote, mi muzaliwa wa Kamalondo, niko Texas sasa miaka kumi na mbili. Kuze wa binti hakusema bongo, lakini alikuachia nusu ya hadisi.

Kwanza ile neno. Primere haina uchaguzi wa kuweka mutu mu kiti. Ni parti njo inauliza batu: mu bale wote wenye wanataka kubeba bendera yetu, nani aibebe? Kiisha mwezi wa kumi na moja njo bendera na bendera zinakutana. Hapa Texas mutu haandikwe parti yake ku lisiti. Unafika ku meza, unaonyesha kitambulisho, wanakuuliza leo unataka karatasi ya Bademokrate ao ya Barepublika, unabeba moya, na kama kunakuwa duru ya pili ya primere huwezi kurukia ngambo ingine. Mu majimbo ingine ni nguvu zaidi, kama haukujiandika mbele mu parti haugusi primere yao.

Mwaka ule siku yetu ilikuwa tarehe 5 mwezi wa tatu 2024. Walifungua saa moya ya asubuhi, wakafunga saa moya ya jioni, na mwenye eko mu mulongo pale anachagua, sawa kwetu. Lakini mbele ya ile siku batu walikuwa wanachagua tayari, toka tarehe 20 mwezi wa pili mpaka tarehe 1 mwezi wa tatu. Mutu anapita akitoka ku kazi, anapita na batoto mu gari, ile wingi inatawanyika. Mi niliingia saa kumi ya jioni nikakuta mutu mumoja mbele yangu. Bibi wa ku meza alifurahi kuniona mpaka nikawaza ananijua.

Musifikiri ni akili ya kupanga peke yake. Mulongo hauko kwa sababu batu hawaendi! Texas ile mwaka ilikuwa na batu karibu milioni 18 ku lisiti. Unganisha primere za parti zote mbili, benye walienda ni milioni 3,3 hivi. Kwetu 43 juu ya 100 tunalia, huku mu primere 18 juu ya 100 hakuna mwenye analia, wanaamka asubuhi wanaenda kazi. Wengi hata hawajue kama jana ilikuwa siku.

Na yenye inaniumaka kichwa ni hii: mu sehemu mingi parti moya njo inashinda kila mwaka, basi mwenye ameshinda primere ameshamaliza, ile ya mwezi wa kumi na moja ni sherehe. Kiti inaamuliwa siku yenye batu wamelala, na ba bibi wenye wanafuma sweta njo wanaamua. Sijute ungeishi huku ungekuwa raia wa kawaida kabisa.

Bintu bidogo bya kuchekesha: nilikuwa nimejipanga kupiga foto ya kidole yangu na wino nitume ku grupe ya familia. Wino hamuna. Wanakupa kakaratasi ka kubandika ku shati. Na telefone unazima kama metere 30 mbele ya mahali pa kuchagulia, shati ao kofia ya kandida pia hapana. Karatasi yenyewe ilikuwa ndefu, majaji, sherifu, batu sijawahi sikia, mi nilikaa ku mashini sawa yule nkambo wa temwe. Kuze na dakika kumi zake ni mutu mwepesi.

---

sijute (Lubumbashi)

@mulushwa_dallas hahaha basi nilizaliwa ngambo mubaya.

Lakini siye pia tuko na primere, musituzarau. Inafanyikaka mu saluni ya shefu wa parti, saa mbili ya usiku, mwenye aliingia na bahasha anatoka ku lisiti numero moya. Mulongo hamuna kabisa. Participation 100 juu ya 100.

---

muzee_wa_katuba (Lubumbashi)

Huyu kijana ana mudomo lakini hapa sina ya kujibu.

@mulushwa_dallas umenichekesha na ile milioni 18. Milioni 18 zenu ni batu wa ku lisiti. Milioni 18 zetu ni batu wenye walisimama mu matope. Nimeandika mu kaye.

---

mawe_ya_goma (Goma)

Nimesoma yote, nami niongeze kwa sababu hapa Goma iko kitu muliacha.

Siku ile kwetu mulongo ulikuwa wa mawe. Sitanie. Batu walifika usiku, wakaona watasimama masaa, basi kila mutu akatafuta jiwe lake la volkano, akaliweka ku mustari, akaenda kukaa pa kivuli. Mawe hapa ni bure, ndio kitu hatukosake. Mulango ukifungulika unaingia kufuatana na jiwe yako. Njo saa biro inafunguliwa ikawa fujo, mutu anasema hili ni langu, mwingine asema langu lilikuwa na tundu hapa, kuko papa alikuwa ameweka mawe mane kwa ajili ya familia yake yote na familia ilikuwa bado imelala. Polisi ndio alikuja kuamua mambo ya mawe. Mimi langu nilikuwa nimelichora alama na mukaa, nilijifunza zamani ku robine ya maji.

Lakini yenye nataka kusema ni ingine. Mama yangu mudogo ni wa Masisi. Vita ilimutoa kwao na batoto, wakati ule alikuwa mu kambi hapa pembeni ya muji. Masisi na Rutshuru hawakuchagua 2023, sababu ya vita, na Kwamouth kule ngambo ya Kinshasa pia. Asubuhi ile nilipita kwake mbele ya kwenda kupanga jiwe yangu. Aliniuliza munaenda wapi mumevaa hivyo, nikamwambia tunaenda kuchagua. Akasema aya, mutuchagulie nasi. Nilikosa cha kujibu, kwa sababu siwezi kuchagua depite wa Masisi nikiwa Goma, depite wake ye hakuna mwenye alimuchagua ile siku. Batu ba Beni na Butembo watakuambia hii waliishaijua, 2018 wao walingojeshwa mpaka mwezi wa tatu 2019, prezida ameshaapa tayari.

Basi mukipiga ile hesabu ya nani alilala na nani alisimama, mujue kuko wa tatu. Huyo hakulala, na mulongo wa kusimama hakupewa. Hali ya leo ya kwetu munaijua, sitaongeza.

---

binti_wa_njanja (Lubumbashi)

@mawe_ya_goma pole sana ndugu, na pole kwa mama mudogo. Kweli ile sikuifikiria. Mi nilikuwa nalia juu ya jua na miguu.

@temwe_wa_biro aksanti, ile ya dakika moya nimeisomea mama kwa sauti, akasema basi yeye peke yake aliiba dakika za batu watano, juu alisahau numero ya konseye akaanza kuangalia foto mumoja mumoja, asema alikuwa anatafuta mwenye sura ya kumuogopa Mungu. Hakumupata. Akafinya wa karibu.

@papa muzee wa Katuba, nilipiga nami ku kalkulatere ya telefone, ni kweli inatoa milioni 18 18. Nimebakia sawa mujinga. Sasa niko na swali ingine ndogo. Nimetoa karte yangu leo mu sanduku nione bureau yangu ni ngapi, nakuta imefutika! Sura yangu imebakia kama muzimu, jina haionekane, paka numero ku chini na yenyewe imeanza kwenda. Uchaguzi mwingine ni 2028. Nikifika na hii watanikubali ao watanifukuza na mulongo wangu wote?

---

temwe_wa_biro (Lubumbashi)

Karte za kufutika tuliona mingi 2023, za miezi kumi tayari nyeupe. Mu biro yetu mama mumoja alikuya na karte sawa karatasi ya sigara, prezida wa biro akasoma numero na taa ya telefone, akaitafuta ku lisiti, akaikuta, mama akachagua. Ba temwe wote tulikubali. Lakini mwingine numero yenyewe haikuonekana na ku lisiti hakuonekana pia, huyu alirudi nyumba na kilio. Basi numero njo roho yako. Na siku chache mbele ya uchaguzi lisiti inabandikwaka ku mulango ya masomo, uende uangalie kama uko, usingoje asubuhi ya siku yenyewe. Batu hawaendake. Siku ile tulikuwa na batu walizunguka biro tisa banatafuta jina, na ilikuwa ku masomo ingine ngambo ya barabara.

---

muzee_wa_katuba (Lubumbashi)

Mwanangu, ile numero iandike leo. Haina kesho. Mi yangu iko mu kaye, ya bibi yangu pia, ya batoto wote pia.

---

sijute (Lubumbashi)

Pige foto ya karte tu ba papa, tuko mwaka gani

---

binti_wa_njanja (Lubumbashi)

@sijute telefone yangu imepasuka kamera, ungejua ungenyamaza 😂

Sikuwa na stilo karibu, nimeiandika na makala ku ukuta ya kiosk, ndani, juu ya mukeka wa uniti. Dakika tano nyuma yake mukiliya amefika, ameangalia ukuta, ananiuliza kama ni pale njo anatuma falanga.